Jiko la Kuni na Mkaa: Hesabu ya Moto wa Nyumbani Dzaleka na Mitundu

Katika miezi ya Juni na Julai uwanda wa Lilongwe, katika nchi jirani ya Malawi, huingiwa na baridi ambayo mtu wa pwani haitarajii kuikuta katika nchi za joto. Uwanda huo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya msimu huo kipimo cha joto huteremka hadi nyuzi 10 za Sentigredi, na pengine chini yake. Ndipo jiko ambalo mchana lilikuwa chombo cha kupikia nje ya mlango hubebwa usiku likaingizwa chumbani, likawa chombo cha kuota moto. Katika soko la Mitundu lililo kusini ya jiji, na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iliyo kaskazini yake wilayani Dowa, kila nyumba hujiuliza swali lile lile: linunuliwe jiko gani, litiwe nini, na liwekwe wapi.

Swali hilo laweza kuonekana kuwa dogo na la jikoni tu, lisilostahili kuchukua nafasi ya mambo makubwa ya dunia. Lakini linamgusa askari kuliko anavyodhani. Linamgusa yule aliyepewa bunduki akalinde msitu, na polisi anayesimamisha baiskeli yenye magunia ya mkaa barabarani. Zaidi ya wote linamgusa mlinzi wa zamu ya usiku anayefunga mlango wa kibanda chake na kuliweka jiko katikati ya miguu. Huyu wa mwisho ndiye aliye katika hatari iliyo karibu zaidi, na aghalabu mwenyewe hana habari nayo.

Dzaleka ilikuwa gereza wakati wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda, na wengi waliofungwa humo walikuwa wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 mahali hapo pakafanywa kambi ya wakimbizi waliokimbia vita vya Burundi, Rwanda na Kongo. Kambi hiyo ilikusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 14,000. Leo ina watu zaidi ya 50,000, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika kila siku sokoni humo. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini, na polisi pamoja na wanajeshi wakatumwa kuitekeleza amri hiyo. Iwe mtu anaikubali amri hiyo au haikubali, hesabu ya kuni ilibadilika mara moja. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mmoja akipikia kwenye mtaa wake, walikusanyika mahali pamoja, na kila sufuria iliyoingia kambini ilihitaji moto. Kuni za Dzaleka haziwezi kutoka ndani ya kambi, maana miti haimo. Hutafutwa katika ardhi ya wanavijiji wa jirani, na hapo ndipo manung'uniko huzaliwa baina ya mgeni na mwenyeji. Mzigo wa kuni kichwani mwa mwanamke waweza kuwa chanzo cha kesi katika kituo cha polisi.

Hali ya Lilongwe na vitongoji vyake ni tofauti kidogo. Katika nchi nzima ya Malawi, zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au mkaa. Vijijini ni kuni, mijini ni mkaa. Umeme umefika katika sehemu ndogo tu ya nyumba, na hata zile zenye umeme hazina hakika nao. Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa bwawa la Kapichira katika mto Shire, na kituo chenye uwezo wa megawati zipatazo 130 kikasimama. Mfanyakazi wa mjini aliyekuwa na jiko la umeme alijikuta amerudi kwenye gunia la mkaa kama jirani yake asiye na nguzo ya umeme mlangoni. Hiyo ndiyo sababu watu wenye busara katika mji huo hawategemei moto wa aina moja.

Sehemu kubwa ya mkaa wa Lilongwe kwa miaka mingi imetoka katika hifadhi ya msitu wa Dzalanyama, upande wa kusini magharibi, mpakani na Msumbiji. Msitu huo una eneo la karibu hekta 100,000, na ndimo chemchemi za mto Lilongwe zilimo, yaani maji yanayonywewa na jiji lenyewe. Kwa hiyo mkazi wa jiji anayenunua mkaa wa Dzalanyama huchoma, kwa namna fulani, bomba lake mwenyewe la maji. Katika miaka ya 2010 serikali ilipeleka askari wa Jeshi la Ulinzi la Malawi kuulinda msitu huo pamoja na maofisa wa misitu. Aidha, kuchoma na kusafirisha mkaa bila kibali ni kosa, na sheria ya misitu ilirekebishwa mwaka 2020 ili kuzidisha adhabu. Hata hivyo magunia ya mkaa hayakutoweka sokoni. Ni dhahiri kwamba askari anaweza kulinda mti, lakini hawezi kulinda sufuria ya mtu isipoe. Mwenye baiskeli akikamatwa leo na magunia yake matatu, kesho atakuja mwingine, maana mnunuzi bado yupo mjini na ugali haujaiva. Kazi ya doria ni ya lazima, nayo haina budi kuheshimiwa. Lakini nusu ya vita hivyo iko ndani ya jiko.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kujua mkaa unagharimu nini. Katika tanuri la udongo linalotumiwa na wachomaji wengi wa Afrika Mashariki na ya Kati, tani moja ya mkaa hutokana na tani tano hadi kumi za miti. Kilo moja ya mkaa ina joto linalokaribia mara mbili ya lile la kilo moja ya kuni kavu. Basi mchomaji akitumia tani nane za miti kupata tani moja ya mkaa, kiasi cha robo tatu ya joto lililokuwa ndani ya miti hiyo limekwisha kwenda angani kabla gunia halijafungwa. Kwa upande wa msitu, kuni kavu katika jiko zuri ni nafuu kuliko mkaa katika jiko lolote. Kwa upande wa mnunuzi wa mjini mambo ni kinyume: mkaa ni mwepesi kubeba, hauozi, hautoi moshi wa kuchoma macho, na unaweza kupimwa kwa kopo. Hakuna hotuba itakayomfanya mama mwenye chumba kimoja achague moshi.

Kuni na mkaa hazikutofautiana kwa bei na uzito tu. Huungua kwa njia mbili mbalimbali, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa majiko hukosea. Kuni inapopata joto hutoa mvuke na gesi, na sehemu kubwa ya joto lake imo katika gesi hizo. Zikipata hewa ya kutosha zikiwa bado za moto, huwaka na kuwa ndimi za moto; zisipoipata, hutoka zikiwa moshi mweusi. Moshi, kwa hiyo, ni kuni iliyolipiwa ikakataa kuwaka. Kuni hutaka nafasi juu yake, na hutaka hewa ipite juu ya moto. Mkaa umekwisha kupoteza gesi hizo kule kwenye tanuri. Wenyewe huungua pale ulipolala, nao hutaka hewa itoke chini yake, ipande katikati ya vipande. Mtu akitia kuni katika jiko la mkaa, zitafuka tu na kumtoa machozi. Akitia mkaa katika jiko la kuni lisilo na matundu chini, utasinzia na kufa kwa majivu yake wenyewe.

Jiko linaloweza kutumia vyote viwili lazima basi liwe na milango miwili ya hewa. Katika nchi za baridi za Ulaya majiko ya chuma ya namna hiyo hutumika kupasha nyumba joto: chini pana wavu wa chuma na droo ya majivu, na kila mlango wa hewa huweza kufunguliwa na kufungwa. Yakitiwa makaa ya mawe, hewa hufunguliwa chini na majivu huondolewa kila siku ili wavu upumue. Yakitiwa kuni, mlango wa chini hufungwa, hewa hupitishwa juu, na kitanda cha majivu huachwa makusudi juu ya wavu, kwa kuwa kuni huungua vizuri zaidi zikilala juu ya majivu yenye moto. Majiko hayo yana dohani inayopeleka hewa chafu yote nje ya paa. Sharti hilo la dohani ndilo linalosahauliwa jambo hilo linapoigwa katika nchi za joto.

Huku kwetu Afrika Mashariki historia ya jiko bora ina fahari yake. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya nishati mpya, na katika miaka iliyofuata mafundi na wataalamu wa Kenya, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walilichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalifanyia kazi mpaka likawa la Kikenya: bati lililobanwa kiunoni, ndani yake bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo walilipokea, na kutoka hapo likasambaa hadi Tanzania, Uganda na kwingineko. Udongo hulizuia joto lisipotelee ubavuni, na kwa sababu hiyo mkaa hutumika kidogo kuliko katika jiko la bati tupu. Lakini hilo ni jiko la mkaa. Nchini Malawi lililoenea zaidi ni jiko la udongo la kuni liitwalo Chitetezo mbaula. Mbaula ni jiko, na chitetezo ni kinga. Hufinyangwa na vikundi vya vijijini, wengi wao wanawake, lina mlango mmoja wa kutilia kuni na masikio mawili ya kulibebea. Mwaka 2013 serikali ya Malawi ilijiwekea lengo la majiko bora milioni 2 kufikia mwaka 2020.

Mkazi wa Mitundu, au wa Dzaleka, anayetaka jiko la kuni na mkaa kwa pamoja, atalikuta sokoni katika maumbo mengi, na mengine ni jina tu. La kweli hujulikana kwa sahani ya matundu inayoweza kutolewa, na kwa nafasi ya kutosha baina ya moto na sufuria. Sahani ikikaa mahali pake, mkaa huwekwa juu yake na mlango wa chini hufunguliwa. Sahani ikitolewa, kuni huingizwa kwa mlango wa mbele. Bakuli la udongo lipigwe kwa kifundo cha kidole: lililochomwa vizuri hulia kama kengele, na lenye ufa ndani hutoa sauti iliyokufa. Mlango uwe unafunga sawasawa, kwa maana jiko lisilofunga haliwezi kuamriwa. Litakula mkaa wote hata maharage yakibakia kuchemka polepole tu. Vishikilio vya sufuria vipimwe kwa sufuria ile ile itakayotumika nyumbani, si ya dukani. Jiko jipya lisikokwe moto mkubwa siku ya kwanza. Wala udongo wenye moto usimwagiwe maji. Wengi huua majiko yao kwa ndoo moja ya haraka.

Kuhusu vitu vya kutia ndani yake, nchi ya Lilongwe ina mali nyingi ambayo huhesabiwa kuwa taka. Magunzi ya mahindi huwaka vizuri katika jiko la kuni, ingawa huisha upesi na hutaka mtu wa kuyachochea. Mabua ya mbaazi ni kuni kamili, tena zinazoota upya kila mwaka. Mabua ya mahindi ni mepesi mno. Hulipuka na kuzima. Maganda ya karanga, yakitupwa ovyo ndani ya jiko, huziba hewa na kufuka. Yakisagwa na kushindiliwa kuwa vipande vigumu huwa kitu kingine kabisa. Yote hayo hayana faida yakiwa mabichi. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuchemsha chungu. Kuni zilizopasuliwa nyembamba na kuanikwa mahali penye upepo kwa miezi kadhaa hufanya kazi ambayo fundi wa jiko hawezi kuifanya. Makaa ya mawe, ambayo Malawi inayo upande wa kaskazini na Tanzania inayo Kiwira, yana joto jingi, lakini pia yana salfa. Jiko lisilo na dohani halistahili kuyapokea yakiwa ghafi.

Pamoja na sifa zote za majiko bora, ukweli mmoja mchungu hauna budi kusemwa. Malawi ndiko ulikofanyika mmoja wa uchunguzi mkubwa kabisa duniani juu ya majiko na afya. Watoto zaidi ya 10,000 wa Chikwawa na Karonga waligawanywa kwa kura. Nyumba za baadhi yao zikapewa majiko ya kisasa ya kuni yenye feni, nyingine zikaendelea na moto wa kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: homa ya mapafu haikupungua kwa wale waliopewa majiko hayo. Haina maana kwamba moshi hauna madhara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Maana yake ni kwamba mtoto hupumua pia moshi wa jirani, wa taka zinazochomwa na wa taa. Na jiko lililoharibika likaachwa pembeni haliwezi kumkinga. Anayeuza jiko kwa kuahidi kwamba litamaliza kikohozi anauza asichokuwa nacho. Anayesema kwamba litapunguza kuni, ikiwa limetengenezwa na kutumiwa vizuri, anasema kweli.

Sasa ni zamu ya chumba cha kulala na kibanda cha lindo. Mkaa uliokolea, ukawa mwekundu bila moshi, humfanya mtu aamini kwamba umekuwa safi. Kumbe wakati huo ndipo unapotoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Si ile hewa ya ukaa ambayo mtu huitoa kila anapopumua. Hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na damu iliyotekwa nayo haiwezi tena kupeleka oksijeni mwilini. Mwanachuoni wa Kifaransa Claude Bernard alieleza jambo hilo katika karne ya 19, na Mwingereza John Scott Haldane akashauri wachimba makaa ya mawe wachukue ndege wadogo mashimoni, kwa kuwa ndege huanguka kabla ya mtu. Kibandani hakuna ndege. Mlinzi huanza kuumwa kichwa, akadhani ni uchovu. Hupata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni chakula. Miguu hulegea, naye hukaa chini. Aliyekuwa amelala hapiti hata hatua hizo.

Wengi hufunika mkaa kwa majivu ili udumu mpaka asubuhi. Katika chumba kilichofungwa hakuna desturi mbaya kuliko hiyo, kwa sababu moto ulionyimwa hewa ndio unaotengeneza sumu hiyo kwa wingi zaidi. Jiko bora halina kinga hapa. Linaweza kutumia mkaa nusu na bado likaua. Hema la jeshi, gari lililoegeshwa na nyumba ya turubai ya Dzaleka vyote huhesabiwa kuwa vyumba vilivyofungwa, na mlango ulioachwa wazi kidogo si dhamana. Mwenzake anayefika na kumkuta mtu amelegea afungue kila kitu, amburute atoke kwenye hewa safi, ampeleke hospitali hata kama amezinduka. Na asikae ndani kuuliza habari.

Moto wa kambi kubwa ni habari nyingine, lakini haikosi uhusiano. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mabweni, magereza na makambi ya mafunzo yanahusika. Pale ambapo gesi haijafika, jiko kubwa lenye kuta nene na dohani hupunguza lori za kuni kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na mpishi huacha kupika akiwa amegeuza uso. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi kuliko yaliyotiwa makavu, na hilo halihitaji mkakati wa serikali wala fedha za kigeni. Kifuniko cha sufuria nacho ni hivyo hivyo.

Kwa baridi ya usiku, wakazi wenye uzoefu hupika chakula cha jioni kwa kuchelewa, mlango ukiwa wazi, kisha hulitoa jiko nje likiwa bado na moto. Tofali kavu lililokuwa limeegemezwa kwenye jiko tangu magharibi hufungwa kwa gunia au blanketi kuukuu na kuwekwa miguuni. Lisiwe bichi wala lenye maji, maana laweza kupasuka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara hufanya kazi hiyo hiyo. Nyufa za ukutani huzibwa kwa udongo kabla ya Juni, na mlinzi hupewa koti zito na mwenzake wa kupokezana naye kila baada ya saa chache, jiko likibaki nje ya kibanda, upande ambao upepo hauleti hewa yake mlangoni.